Bila Kumuuliza Mtu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeshasema ndiyo. Mdomo wangu huu!

Mama Digna kaja fremu, hapa kwenye kiduka changu cha kuchorea vibao, asubuhi. Ndiye mratibu wa Nyumba ya Faraja, kule wanakokimbilia wanawake waliopigwa na waume zao. Nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, uchochoro wa tatu, geti la bluu. Hakuna hata kikaratasi kinachosema pale ni nini. Mwezi uliopita wafadhili wamezunguka saa nzima. Wakamuuliza Bibi Siwema, yule mwenye genge la nyanya pale kona, naye akawaelekeza njia ya Lumemo, mashambani kabisa! Mmoja kazama kwenye tope hadi magotini. Mama Digna anasimulia huku hajui acheke au alie.

Sasa wanarudi tarehe 17, na wamesema wanataka kuona vibao. Ila fungu la vibao halipo. La fulana lipo, la chai na vitafunwa lipo, la vibao hakuna.

Nikasema nitachora bure.

Kwa nini bure? Kwa sababu tangu nirudi kutoka Dar nachora "BARAFU ZIPO" na "USIKOJOE HAPA". Miaka minne nilikuwa dizaina, nakaa kwenye kiti kinachozunguka. Walipopunguza watu, jina langu la kwanza. Na yule bwana naye akaona huo ndio wakati mzuri wa kunipa talaka, kwa meseji. Basi nataka mtu, yeyote, aone kwamba Nasma anajua kazi. Sisemi nina huruma sana. Humu hasomi mtu, sina sababu ya kujipamba.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Jana nilienda kupima. Wanawake saba, watoto siwezi kuwahesabu, hawatulii. Vyumba vinne, jiko, chumba cha ushauri, choo, stoo.

Wengi hawasomi, kwa hiyo kila mlango nimeupangia picha. Usiku nikakesha kwa raha na laptop yangu. Leo nimewaonyesha, wakanicheka! Nimechora choo cha wanawake, mtu mwenye sketi. Mmoja akauliza, kwani dada, hapa kuna choo cha wanaume? Mazoea mabaya. Na ile ya chumba cha ushauri, watu wawili wamekaa wanatazamana, wote wakasema huyo wa kushoto anamkaripia mwenzake.

Aliyesema kwanza ni Yunis. Msukuma, ametoka ng'ambo ya daraja la mtoni, upande wa Lupiro, mumewe ana ng'ombe wengi kule. Mkono wake wa kushoto ulivunjika ukaunga vibaya, hauinuki kupita bega. Nikamsalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka", nijifanye mjuzi. Akacheka: hiyo ya asubuhi, dada, sasa hivi jua liko wapi? Ana binti wa miaka mitatu, Kabula, ambaye ameamua kwamba ndoo yangu ya rangi ni kiti chake.

Nikamuuliza Yunis mshauri achorwe vipi. Akafikiria. Akasema, wakae upande mmoja, waangalie kitu kimoja. Anajua kuliko mwalimu wangu wa chuo.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Idd. Pilau kwa mjomba Bwanaheri. Yeye ndiye mwenye fremu yangu, kwa hiyo hata maoni yake lazima niyapokee. Mbele ya wageni wote: Nasma siku hizi anachora bure, biashara imemnogea! Wakacheka. Nikaendelea kula nyama.

Akanivuta pembeni baadaye. Kesi za wake za watu niziache, nyingine zina ng'ombe ndani yake. Nikamwambia mimi nachora milango tu.

Jumatano, 11 Juni 2025

Vibao kumi na viwili! Vinane vya ndani, vinne vya njiani. Bati jeupe, rangi ya mafuta, herufi za bluu nilizokata kwa mashine. Hivyo vinne vya njiani ndivyo ninavyovipenda. Mama Digna aliomba kimoja, kikubwa, chenye nembo ya wafadhili. Nikamkatalia. Kibao kimoja ni pambo. Mgeni anapotea kwenye kona, na kila kona inataka mshale wake: stendi, mashine za mpunga, kwa Bibi Siwema, mdomo wa uchochoro. Nembo nimeiweka chini, saizi ya kisahani.

Mishale ni myekundu na minene. Picha ya nyumba, na mwanamke mlangoni.

Nilikuwa napaka cha mwisho uani, Yunis amesimama nyuma yangu na Kabula mgongoni. Akauliza huo mshale utaonekana kutoka barabarani? Nikamwambia utaonekana hata na mtu aliye kwenye basi. Akauliza tena, na asiyejua kusoma? Nikajibu kwa maringo: "Hata asiyejua A atafika, ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Akaenda kuanua nguo. Nilidhani nimemfurahisha.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Vyote vimesimama.

Nikafanya jaribio, kama tulivyokuwa tunafanya Dar. Unamtafuta mtu asiyejua mahali, unamwambia nenda, marufuku kuuliza. Nikamchukua Evod, bodaboda wa Kiberege ambaye analeta abiria huku na kurudi, mjini hapa hajui zaidi ya stendi na hospitali. Nikamwambia atoke stendi kwa mguu afike Nyumba ya Faraja. Mimi nikakaa getini na simu.

Dakika tisa! Bila kumuuliza mtu! Kaja anatabasamu, anasema dada hii hata kipofu. Nikamnunulia soda. Sijajisikia hivi tangu Dar.

Bibi Siwema peke yake ndiye kanuna. Nimepita kwake, shikamoo bibi, kimya. Shikamoo bibi! "Marahaba," kwa pembeni ya mdomo. Halafu akasema kile kibao nimekichomeka mbele ya genge lake bila kumuuliza. Nikamwambia kipo kwenye njia, si kwenye genge. Akasema siku hizi vijana mnajua kusema tu, kuuliza hamjui. Nimeelewa tatizo lake. Kila anayepotea alikuwa anasimama kwake kuuliza, na akishauliza anaona aibu kuondoka bila nyanya. Sasa nimemkatia riziki. Pole zake.

Jumanne, 17 Juni 2025

Wafadhili wamekuja. Hawakupotea. Wamepiga picha kila kibao. Yule aliyezama tope akakumbatia kile cha mdomo wa uchochoro, wakacheka sana.

Mama Digna kwenye hotuba: "Tunawashukuru wafadhili wetu kwa vibao hivi." Nilikuwa nimesimama mita mbili, na rangi kwenye kucha! Baadaye akanambia nisichukie, ni lugha tu ya hotuba. Nikapewa fulana.

Kubwa mno kwangu. Nimeifanya tambara la kufutia brashi.

Jumapili, 22 Juni 2025

Mume wa Yunis amefika.

Mama Digna kanipigia saa saba mchana. Si kuniambia hilo, kuniuliza kama naweza kuongeza kibao cha saa za kutembelea, maana kuna bwana kaja na hajui utaratibu. Bwana gani? Baba Kabula. Yuko nje ya geti tangu asubuhi. Ametulia tu, anasalimia kila mtu.

Nimekimbia. Kweli, mtu mzima nimekimbia na kanga. Amekaa kwenye kivuli cha ukuta, kibao changu cha mdomo wa uchochoro kinaonekana kutoka hapo. Mwanamume wa miaka arobaini na tano hivi, shati safi, fimbo ameilaza miguuni. Nikampa shikamoo. Mdomo ulitangulia! Akaitikia vizuri, kwa upole.

Ndani, Yunis alikuwa stoo, amejifungia na mtoto. Wenzake wanasema tangu asikie sauti yake hajatoka, hata kwenda chooni. Nikabisha. Nikasema ni mimi, Nasma. Hakufungua.

Jumatatu, 23 Juni 2025

Leo nimejua mimi ni mjinga wa kiwango gani.

Alfajiri nimeenda kuving'oa vile vinne. Nimefika kwa Bibi Siwema na nondo yangu, naye anapanga nyanya. Akanitazama mpaka nikaacha. Akasema keti.

Nikakaa kwenye ndoo. Akanieleza bila haraka, anapanga huku anasema. Miaka sita nyumba ile ipo. Hajawahi kuajiriwa na mtu, hajawahi kuitwa kwenye kikao. Ila mtu mgeni akija mtaa huu lazima aulize, na wa kuulizwa ni yeye. "Akiniuliza, na mimi namuuliza. Unatoka wapi, unamtafuta nani, ni nani wako. Akimaliza kujibu nimeshamjua." Mwanamke anayelia anampeleka mwenyewe hadi getini, anafunga genge. Mwanamume anampeleka Lumemo. Akifika Lumemo, kuna mwenzake anayeuza pombe ya mnazi, naye anamwelekeza mbele zaidi. Na akishageuka, anamtuma mtu getini kusema leo msitoke. Wanaume wanne miaka hii sita. Mmoja alikuwa na panga kwenye gunia.

Na wale wafadhili? Nikamuuliza. Akasema wale walikuwa wanaume watatu ndani ya gari, hawakushuka, hawakusalimia. Angewajuaje?

Nikamuuliza kwa nini hukunambia, bibi. Akasema uliniuliza?

Nilidhani ni nyanya! Nimeandika humu humu, juu hapo, pole zake. Nimerudi kusoma. Nimeona haya peke yangu.

Nimeng'oa viwili. Cha tatu nikiwa juu ya ngazi, Mama Digna kafika anahema. Vile ni mali ya mradi sasa, vina nembo, viko kwenye ripoti na picha. Nikamwambia vimemleta yule. Akasema ameshafika, kung'oa kunasaidia nini? Na hapo ana haki, ndiyo maana nimemchukia zaidi. Vile viwili na ngazi yangu kavipeleka uani kwake.

Jumatano, 25 Juni 2025

Siku ya nne anakuja. Asubuhi anakaa, jioni anaondoka. Ameleta gunia la mchele, Mama Digna kalipokea. Wanawake wamepika, wamekula, wawili tayari wanasema mbona baba wa watu mpole? Yeye na mlinzi wa geti wanaitana mkwe.

Mama Digna kanieleza kama mtu anayetafuta kukubaliwa. Wazee wa mume wanakuja Jumamosi, saa nne, kikao cha usuluhishi. Ng'ombe wa mahari walitolewa, mtoto yupo, bwana amekiri alikosea. Ripoti ina sehemu ya familia zilizopatanishwa, na mwaka huu hawana hata moja. Nikamuuliza Yunis anasemaje. Akasema Yunis hasemi kitu, na asiyesema amekubali.

Mimi nimemwona Yunis. Anakunja nguo za Kabula, anazikunjua, anakunja tena. Ule si ukimya wa mtu aliyekubali.

Nilipotoka getini yule bwana akasimama. Ameambiwa mimi ndiye mchoraji. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akasema, "Dada, mimi sikusoma. Nikifika mji huwa nasumbuka, watu wa mjini wanadanganya. Mwezi wa pili nilikuja, bibi mmoja akanipeleka mashambani nikalala huko. Safari hii nimeona mshale, nikaona na mwanamke mlangoni. Nimefika bila kumuuliza mtu. Mungu akubariki."

Akaniachia. Nilinawa mikono mara tatu nilipofika fremu.

Ijumaa, 27 Juni 2025

Nilienda kuchukua ngazi yangu tu. Wallahi nilienda kuchukua ngazi.

Yunis akanifuata uani. Hakulia wala nini. Akasema: "Wewe umemleta. Sasa nitoe."

Nilianza kujieleza. Sikujua, sikuambiwa, mimi nachora tu. Akaninyooshea ule mkono, hadi unapokomea, hapo begani. Akasema siku alipouvunja, mumewe alikuwa na haraka tu, hakuwa amekasirika. Akikasirika ni habari nyingine. Kesho yeye akirudishwa mbele ya wazee, mume atakuwa ameaibishwa mji mzima kwa sababu yake, na watavuka daraja jioni.

Ana shangazi Sanje, chini ya mlima kule, hajulikani na upande wa mume. Nauli sio shida. Shida ni geti, na mlinzi aliyegeuka mkwe.

Basi tumetoka kama mafundi. Mimi mbele na ngazi, Yunis nyuma na vibao viwili vya bati kichwani, kanga yangu imemfunika uso kwa ajili ya jua, Kabula katikati amebeba brashi. Mlinzi akauliza vinaenda wapi. Nikasema kurekebishwa, wamesema mishale haionekani vizuri. Akafungua. Baba Kabula alikuwa ameenda kunywa chai kwa mama ntilie, Bibi Siwema ndiye aliyenitumia neno. Dakika ishirini, alisema. Alijua hadi na chapati alizoagiza.

Nikawapeleka dukani kwa mjomba Bwanaheri. Hakutuacha tuvuke kizingiti! Nilikwambia zina ng'ombe ndani yake, kasema. Duka lina bidhaa za watu, wakija kunichomea utalipa wewe na brashi zako? Mjomba wangu wa damu. Pilau yake nimekula miaka thelathini.

Kwa hiyo wako hapa. Nyuma ya pazia, kwenye stoo ya fremu, kati ya makopo ya rangi na mabati. Nimewawekea godoro la mtoto na maji. Evod anawachukua kesho saa mbili na nusu, anawapeleka Sanje kwa pikipiki kabla kikao hakijaanza. Wenzake getini wanasema amejifungia tena stoo na mtoto, kwa hiyo kabla hata hawajajua, wako mbali.

Jumamosi, 28 Juni 2025

Saa mbili na nusu. Evod bado.

Saa tatu kasoro kumi. Hapokei simu. Yunis amekaa tayari na mfuko, nimemwona kupitia upenyo. Kabula ameamka, anachezea kopo tupu.

Saa tatu. Mungu wangu. Siyo Evod.

Ameingia. Baba Kabula. Amevaa koti. Nimempa shikamoo, tena, mdomo huu. Ameketi kwenye benchi, mita tatu kutoka kwenye pazia. Nimefungua daftari hili nijifanye naandika oda yake. Hajui kusoma, kwa hiyo naandika haya yote mbele ya macho yake. Anaitikia kwa kichwa kila nikimaliza mstari. Anadhani ni maneno yake.

Hajui. Nina hakika hajui. Hajapita getini leo, ametoka moja kwa moja kwa mwenyeji wake alikolala. Anasema amekuja mapema kwa sababu anataka bango, na analitaka kabla ya kikao, hata liwe la penseli tu. Anataka aingie nalo mbele ya wazee. Amefikiria usiku kucha zawadi gani ampe mke wake, kitenge ameshawahi kumpa, mbuzi ameshawahi kumpa. Anafungua bucha Lupiro. Anataka bango la bucha liwe na jina la mama, watu wote wanaopita barabarani walione, ajue kwamba amesamehewa.

Amesamehewa! Naandika hivyo hivyo alivyosema.

Naendelea kuandika ili nisilitazame pazia. Nyuma ya pazia kimya kabisa, hata kopo limenyamaza. Nadhani amemziba mtoto mdomo. Nje hakuna pikipiki. Namuuliza mambo marefu marefu: rangi gani, bati au ubao, atalitundika upande gani wa barabara. Anajibu kila moja kwa adabu. Nyekundu. Bati. Upande wa kulia ukitoka darajani, na mshale kama ule wangu.

Nasikia pikipiki. Imepita. Siyo yeye.

Nimemuuliza picha. Ng'ombe au nyama? Amefikiria. Ng'ombe, mzima, amesimama.

Sasa ameinuka, amekuja mezani, anaitazama kalamu yangu. Ananiambia nisije nikakosea jina, maana watu wa hapa hawalijui. Analisema polepole, kwa sauti, kama mtu anayemfundisha mwenzake:

"Andika: Bucha ya Mama Kabula. Umelisikia? Ka-bu-la. Kabula!"

Na nyuma ya pazia, kwa adabu zote alizofundishwa mtoto wa kike akiitwa na baba yake:

"Abee!"

Analitazama pazia. Mimi bado naandika.